«Blood Simple»: filamu nyeusi ya uzinzi, mauaji na ishara zisizoeleweka

Filamu zinazoitwa «nyeusi» zilitengenezwa Marekani, lakini jina lake lilitoka Ufaransa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Ufaransa ilipokuwa chini ya Wajerumani, sinema za Kimarekani hazikuweza kuonyeshwa huko. Vita vilipokwisha zikaingia Paris kwa wingi na kwa muda mfupi, na mwaka 1946 mhakiki Nino Frank, mzaliwa wa Italia aliyeandika kwa Kifaransa, akatambua kwamba kadhaa kati yake zilifanana. Zilikuwa na giza la picha na giza la mioyo. Akaziita filamu nyeusi, jina lililokaribiana na lile la Série noire, mfululizo wa riwaya za uhalifu ulioanzishwa na Marcel Duhamel katika nyumba ya uchapishaji ya Gallimard mwaka 1945. Msomaji asidhani kwamba neno «nyeusi» hapa linahusu rangi ya ngozi ya wahusika. Linakusudia maana ile ile iliyomo katika Kiswahili anapotajwa mtu kuwa na moyo mweusi.

Kisa kilichopendwa kuliko vyote katika filamu hizo ni cha watu watatu: mume, mke, na mwanamume mwingine. Mwandishi James M. Cain ndiye aliyekipa umbo lake katika riwaya yake The Postman Always Rings Twice ya mwaka 1934, ambamo mke na mpenzi wake wanapanga kumwua mume. Riwaya hiyo iliwavutia watengenezaji filamu wa Ulaya kabla ya wale wa Hollywood: Pierre Chenal aliitengenezea filamu nchini Ufaransa mwaka 1939, na Luchino Visconti nchini Italia mwaka 1943. Hollywood yenyewe ilikuwa imefungwa na kanuni za maadili zilizotekelezwa kwa ukali tangu mwaka 1934, ambazo zilidai kwamba mwenye dhambi aadhibiwe kabla ya taa za ukumbi kuwashwa. Kwa hiyo, katika filamu nyeusi za kale, mtazamaji alijua mwisho hata kabla ya kuingia. Wazinzi wangeua, na baada ya kuua wangeangamia. Lililobaki ni kuona kwa njia gani.

Kanuni hizo ziliachwa mwaka 1968. Filamu za uhalifu zilizofuata, ambazo wahakiki wamezoea kuziita filamu nyeusi mpya, zilirithi giza lile na watu wale watatu, lakini hazikulazimika tena kurithi hukumu. Mfano mmoja ulio bora ni Blood Simple, filamu ya kwanza ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, iliyopigwa katika jimbo la Texas mwaka 1982 na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Inastahili kuchunguzwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ilitengenezwa kwa fedha kidogo sana, na uchache huo unaonekana katika umbo lake bila ya kuidhuru. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kwamba iligeuza kisa cha uzinzi kuwa kisa cha kujua na kutojua.

Jina na tafsiri yake

Maneno «blood simple» yametoka katika Red Harvest, riwaya ya Dashiell Hammett ya mwaka 1929. Humo mpelelezi anayesimulia anayatumia kueleza hali ya mtu aliyekaa katikati ya mauaji hadi akili yake ikalegea: hawezi tena kupima mambo, anatenda kwa woga na pupa. Kwa Kiswahili pengine maana iliyo karibu zaidi ni «kupumbazwa na damu». «Kulewa damu» hakufai, kwa maana mlevi wa damu anaitamani, lakini watu wa Hammett na wa ndugu Coen hawaitamani hata kidogo. Wanaitazama tu, kisha wanaacha kufikiri.

Nchini Ufaransa filamu hiyo iliitwa Sang pour sang, kwa kucheza na sauti: neno la damu na neno la mia hutamkwa sawa katika Kifaransa, hivyo jina lasikika kama «asilimia mia kwa mia». Mchezo huo wa maneno unapendeza sikioni, lakini unapoteza jambo la maana. Anayeutafsiri neno kwa neno, «damu kwa damu», atangojea kisa cha kisasi, na kisasi hakimo. Mume peke yake ndiye anayetaka kulipiza, naye anapigwa risasi mapema, kwa mkono wa mtu aliyemlipa mwenyewe. Wengine wote wanaua au kuuawa kwa kosa la kufahamu.

Fedha na watu

Joel Coen alisomea utengenezaji wa filamu katika Chuo Kikuu cha New York, naye Ethan alisomea falsafa Princeton, ambako aliandika tasnifu yake juu ya Wittgenstein. Joel alipata kuwa msaidizi wa mhariri katika filamu ya kutisha ya Sam Raimi, The Evil Dead, na kwa Raimi akajifunza namna ya kutafuta fedha. Studio kubwa zisingempa mtu asiyejulikana hata senti moja. Basi ndugu hao walipiga kwanza kipande kifupi cha filamu ambayo haikuwapo bado, mfano wa tangazo, wakakibeba pamoja na projekta mpaka majumbani na ofisini kwa watu wenye akiba: wafanyabiashara, madaktari na wengineo, wengi wao wa jimbo la kwao la Minnesota. Kila mmoja alitoa sehemu yake. Gharama yote ya filamu inakadiriwa kuwa dola milioni 1.5, kiasi ambacho kwa Hollywood ya wakati ule kilikuwa kidogo mno.

Upigaji wa picha ulichukua muda wa wiki nane hivi katika mji wa Austin na viunga vyake. Mpigapicha Barry Sonnenfeld na mtunzi wa muziki Carter Burwell walikuwa wapya katika kazi ya filamu ndefu. Frances McDormand, aliyeigiza kama mke, hakuwa amewahi kuonekana katika filamu yoyote kabla ya hiyo. Mwigizaji pekee aliyekwisha kuzoeleka machoni pa watazamaji alikuwa M. Emmet Walsh, ambaye ndugu hao walimwandikia hasa nafasi ya mpelelezi. Hata uhariri waliufanya wenyewe pamoja na mwenzao mmoja, wakijificha nyuma ya jina la kubuni, Roderick Jaynes, ambalo waliendelea kulitumia kwa miaka mingi hata likapendekezwa kwa tuzo ya Oscar.

Uchache wa fedha ulilazimisha uchache wa vitu. Wahusika wenye uzito ni watano tu. Mahali penyewe ni baa moja, nyumba mbili tatu, barabara ya usiku na shamba lililolimwa. Hakuna msafara wa magari ya polisi, hakuna mahakama, hakuna umati wa watu. Lakini kila kitu kilichopo kinapewa kazi zaidi ya moja: bastola ndogo, kiberiti cha petroli, bahasha, samaki wachache, feni inayozunguka darini. Tajiri angeweza kuongeza vitu vingine, na huenda kisa kingedhoofika.

Mwenendo wa kisa

Julian Marty ni mwenye baa. Mkewe Abby amechoka naye na ameanza uhusiano na Ray, mmoja wa wahudumu wa baa hiyo hiyo. Marty amemwajiri mpelelezi wa kibinafsi, Loren Visser, mtu mnene mwenye suti ya rangi hafifu na kicheko kibaya, ambaye anawafuata wapenzi hao usiku wa mvua na kuwapiga picha. Baada ya jaribio la kumrudisha mkewe kwa nguvu, ambalo linamwacha na kidole kilichovunjwa na aibu tele, Marty anampa Visser kazi ya pili: awaue wote wawili kwa dola 10,000. Visser anakubali na kumshauri aende kuvua samaki mbali, aonekane na watu.

Hapo ndipo kisa kinapoacha njia ya Cain. Visser hawaui. Anaiba bastola ya Abby, anawapiga picha wakiwa usingizini, kisha anaichora upya picha hiyo hata waonekane wametobolewa na risasi. Anampelekea Marty bahasha, anapokea fedha, halafu anampiga Marty risasi kwa bastola ya mkewe na kuiacha sakafuni. Hesabu yake ni rahisi na, kwa uovu wake, ni ya busara: kumwua mtu mmoja aliyeajiri muuaji ni salama kuliko kuwaua wawili na kumwacha shahidi. Hata hivyo amefanya makosa mawili asiyoyajua. Kiberiti chake chenye jina lake kimebaki mezani chini ya samaki ambao Marty amewaleta kutoka safarini. Na Marty, ambaye hakumwamini, alikwisha kuitoa picha ile katika bahasha na kuificha ndani ya sefu.

Ray anafika baa kudai mshahara wake. Anakuta mwajiri wake ameketi kimya na damu inatiririka, na mguu wake unagonga bastola ambayo anaitambua. Hana haja ya kufikiri: Abby amemwua mumewe. Kwa kumpenda, anapangusa damu, anaupakia mwili garini na kwenda nao gizani. Njiani anagundua kwamba Marty hajafa. Sehemu inayofuata ni ndefu, karibu haina maneno, na hakuna aliyeiona anayeweza kuisahau kwa urahisi. Marty anatambaa barabarani huku lori likikaribia kwa mbali. Ray anasimama na sepetu mkononi lakini hawezi kupiga. Mwishowe anamzika angali hai katika shamba, na kupambazuka kunamkuta akiponda udongo kwa nyuma ya sepetu. Gari nalo linakataa kuwaka mara ya kwanza.

Yafaa kutua hapa. Katika filamu nyeusi za kale mpenzi alikuwa muuaji tangu alipomtazama mke wa mtu. Ray hakukusudia kuua. Amekuwa muuaji kwa sababu alitaka kuficha mauaji ambayo, kwanza, hayakufanywa na yule aliyemdhania na, pili, yalikuwa hayajatokea. Uzinzi ulimfikisha mlangoni. Kilichomwingiza ndani ni kusadiki bila kuuliza.

Anayejua na asiyejua

Kutoka hapo kila mhusika anashikilia kipande kimoja cha ukweli na kudhani kwamba anacho chote. Ray anapomwambia Abby kwamba amekwisha kusafisha kila kitu, Abby haelewi kitu gani kilichosafishwa, na Ray anachukua kutoelewa kwake kuwa ni unafiki. Simu inalia. Abby anasikia pumzi tu, naye anasema ni Marty. Ray, ambaye amemzika Marty kwa mikono yake alfajiri ile, hana njia ila kuamini kwamba mwanamke huyo anamdanganya na kwamba yuko mwanamume wa tatu. Aliyepiga simu ni Visser. Naye Visser ana kosa lake: anatafuta kiberiti chake na picha iliyopotea, akidhani kwamba wapenzi wanavyo na wanamjua, ilhali hawajapata kusikia jina lake. Abby anapoona sefu ya baa imepigwa nyundo, anaamini kwamba Ray ndiye aliyetaka kuiba. Meurice, mhudumu wa pili wa baa, ana ujumbe wa Marty katika mashine yake ya simu unaodai kwamba fedha zimetoweka, ujumbe ambao Marty aliuacha ili kuficha malipo ya mauaji. Kwa ujumbe huo wa uongo Meurice anamshuku Ray, na kwa bahati anakaribia ukweli kwa njia ya uongo.

Mtazamaji peke yake ndiye anayeona vyote. Huo ni utaratibu wa zamani. Tamthilia za Wayunani zilisimama juu yake. Lakini hapa unatumiwa kwa ukali usio wa kawaida, kwa maana hakuna hata mmoja katika kisa anayefikia ujuzi wa mtazamaji. Katika riwaya ya upelelezi ya desturi, mambo hufumbwa ili yafumbuliwe. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960: yeye hukusanya alama ndogo ndogo ambazo wengine wamezipita, na mwishoni huzipanga mbele ya wote hata kila mtu akaelewa. Mpelelezi wa namna hiyo ni mtumishi wa ukweli. Visser ni mpelelezi kwa cheo tu. Kazi yake ni kutengeneza alama za uongo, naye mwenyewe ananaswa katika alama za kweli alizoziacha bila kujua. Jambo ambalo Bwana Msa angelikamilisha katika sura ya mwisho halifanyiki, kwa sababu hakuna wa kulifanya. Sheria haishiriki kabisa.

Sauti ya Visser inayofungua filamu ilikwisha kutoa onyo hilo juu ya picha za barabara tupu na mashamba makavu ya Texas. Anasema, kwa maneno mengine, kwamba hakuna mtu mwenye dhamana duniani, kwamba yasemekana huko Urusi kila mtu humsaidia mwenzake, lakini mahali anapopajua yeye kila mtu yuko peke yake. Wengine wameyachukua maneno hayo kuwa falsafa ya filamu. Ni vema kukumbuka ni nani anayeyasema. Ray hakuwa peke yake. Alikuwa na mtu ambaye angemweleza yote kwa swali moja tu. Kwamba hakuuliza si jambo la Texas.

Wapo pia wanaoishutumu filamu hii kuwa ni baridi, kwamba inawatazama watu kama wadudu chini ya kioo. Shutuma hiyo ina haki kidogo. Baadhi ya mbinu za kamera zinajionyesha kwa ubishi wa ujana: kamera inayosogea juu ya meza ndefu ya baa na kumruka mlevi aliyelala, au ile inayokimbia chini chini kuvuka ua kwa kufungwa juu ya ubao uliobebwa na watu wawili, hila iliyotoka kwa Raimi. Lakini katika maziko ya Marty hakuna ubishi, na baridi haiko katika jicho la kamera. Kinanda cha Burwell, kinachorudia noti chache bila haraka, kinaomboleza kabla ya mtu yeyote kufa.

Nyuma ya mlango

Filamu hii ilipewa tuzo kuu ya baraza la waamuzi katika tamasha la filamu la Park City, Utah, mwezi Januari 1985, tamasha ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Sundance. Waliowekeza akiba yao walishangaa pengine kuliko wote. Ndugu hao walipotoa toleo jipya mwaka 2000, walipunguza dakika chache badala ya kuongeza, kinyume cha desturi ya waongozaji. Mwaka 2009 Zhang Yimou alikihamishia kisa hicho China ya wafalme, katika duka la tambi lililo nyikani. Baa ikawa jiko, bastola ikawa kitu kigeni kilichonunuliwa kwa mfanyabiashara msafiri, na kisa kikasimama bila shida.

Kinachobaki kuelezwa ni onyesho la mwisho, ambalo ndilo linalothibitisha yaliyotangulia. Ray amekwisha kuipata picha katika sefu na ameanza kuelewa. Anamngojea Abby katika chumba chake kipya chenye dirisha kubwa lisilo na pazia. Abby anaingia na kuwasha taa. Ray anamwambia azizime. Abby anadhani amekuja kumwua, naye anaziacha zikiwaka. Risasi inatoka upande wa pili wa barabara na Ray anaanguka. Visser anapanda ngazi. Abby anajificha chooni, anapitia dirishani hadi chumba cha jirani, na mkono wa Visser unapojipenyeza kumtafuta, anaupigilia kwa kisu kwenye ukingo wa dirisha. Visser, asiyeweza kuufikia mkono wake mwenyewe, anaufyatulia risasi ukuta uliopo kati yao. Kila risasi inafungua tundu, na kila tundu linaingiza mwale wa nuru katika chumba chenye giza. Fedha nyingi zisingenunua picha iliyo bora kuliko hiyo.

Abby anatoka na bastola yake, ile ile iliyoibwa. Anakaa sakafuni, anaelekeza mlangoni, anafyatua. Mtu anaanguka upande wa pili. Abby anasema kwa sauti kwamba hamwogopi tena, na anamtaja kwa jina: Marty. Kwake yeye mume yu hai hadi dakika hiyo, na ndiye aliyemshinda. Visser, akiwa chali chini ya beseni la kunawia, anasikia jina hilo na kwa mara ya kwanza anafahamu kwamba mwanamke huyu hajui lolote, wala kiberiti wala picha, na kwamba angeweza kwenda zake. Anacheka. Anaahidi, kwa adabu ya watu wa Texas, kumfikishia Marty salamu hizo akimwona. Kisha anatazama juu, mahali ambapo tone la maji linakusanyika polepole chini ya bomba, linavimba, na kuanza kumdondokea.